Punje Chini ya Unyayo

Mama yangu alikuwa na punje ya hindi ndani ya mguu. Ndivyo alivyosema, na mama akishasema jambo mara tatu linakuwa sheria. Alianza kunipigia simu mwezi wa pili, asubuhi kabla sijaingia darasani, kunieleza kwamba kila akikanyaga anaisikia ile punje chini ya unyayo, pale panaponenepa kabla vidole havijaanza. Akitembea kwa kisigino haisikii. Akisimama kidogo tu jikoni, inamchoma. Akigeuza unyayo autazame, hakuna kitu, ngozi ni nzima kabisa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Nyamisangura, mjini Tarime. Mama yuko nyumbani kwetu Susuni. Nilimwambia hiyo ni sugu tu, aloweke mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi. Nilimwambia hivyo wiki tatu mfululizo, kwa sababu nilikuwa na madaftari ya kusahihisha na kwa sababu nimezoea kwamba nikisema jambo kwa sauti ya ubaoni linatosha. Maji ya chumvi hayakusaidia kitu.

Wiki ya nne habari ikageuka. Mama akasema ameikuta punje. Si mguuni, kwenye kiatu chake cha kanisani, mbele kabisa kwenye ncha: punje moja ya hindi, imevimba kama iliyolowekwa. Siku hiyohiyo mke wa baba mdogo, ambaye anaishi jirani na mama na macho yake hayana ua, akakumbuka kwamba Jumatatu moja asubuhi mapema alimwona wifi yangu nyuma ya ghala akimwaga mahindi kutoka kwenye kiatu hichohicho, huku midomo inamcheza kama mtu anayenuizia. Basi, hesabu ikawa rahisi. Mama ana punje mguuni, punje imeonekana kiatuni, mtu kaonekana na kiatu na mahindi na midomo inayocheza. Hata darasa la pili wangejumlisha. Walijumlisha wote pale nyumbani, na jibu likawa moja: mama amekanyaga kitu alichotegewa.

Jamani! Nilikaa kwenye kiti cha ofisi ya walimu nikashika kichwa.

Wifi yangu huyo ni mke wa marehemu kaka. Kaka alifanya kazi kwenye hoteli ya watalii kule karibu na lango la Ikoma, akafa kwa homa miaka minne iliyopita, akatuachia mke na watoto watatu. Wengi walidhani mwanamke atarudi kwao. Hakurudi. Alibaki na mama, akalima, akakamua, akachota maji, akampeleka mama kanisani kila Jumapili akimshika mkono. Ni mpole, mpole wa kuudhi, mtu ambaye ukimkanyaga atakuuliza kama umeumia. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema neno "sitaki".

Huyo ndiye mchawi wetu.

Baba mdogo, ambaye tangu baba afariki ndiye msemaji wa nyumba, akaitisha kikao Jumamosi. Alisema si ritongo, hapana, mambo hayajafika kwenye baraza la wazee wa ukoo. Ni kikao cha nyumba tu. Wifi aape kwamba hakutega kitu. Akikataa kuapa, arudi kwao. Na kurudi kwao, kwetu sisi, maana yake inajulikana bila kuelezwa: anarudi peke yake. Ng'ombe wa mahari walishatolewa, watoto ni wa nyumba yetu, watabaki. Wa mwisho alikuwa ameanza darasa la kwanza mwaka huo na bado alikuwa halali mpaka ashike pindo la khanga ya mama yake.

Nilimpigia baba mdogo simu, na baada ya shikamoo heshima ikaniishia. Nilimwambia mjini kuna mashine ya utrasaundi inayoona ndani ya mwili. Nitampeleka mama. Kama kuna punje itaonekana, kama hakuna haitaonekana, na kesi ife hapo. "Mashine haifichwi kitu," nilimwambia, na nilijisikia nimesema jambo la maana sana. Akasema sawa, wataisubiri mashine yangu.

Ngoja niseme na hili, maana nikiliacha nitakuwa nadanganya. Kwetu mkamwana habishani mbele ya baba mkwe. Baba mdogo ni baba mkwe wake. Akiwa na neno, analipitisha kwa binti wa nyumba, yaani wifi yake, na wifi huyo ndiye analisema barazani. Binti wa nyumba ni mimi, sina dada. Kwa hiyo kama kulikuwa na mtu duniani wa kumuuliza yule mwanamke alikuwa anafanya nini na mahindi nyuma ya ghala, ni mimi. Sikumuuliza. Sikumpigia hata simu. Nilikuwa na mashine.

Alhamisi nikaomba ruhusa, nikampokea mama stendi. Alishuka kwenye gari amevaa kandambili, mguu mmoja anautua kwa kisigino, uso umekunjamana. Daktari alimwangalia, akaminyaminya unyayo mpaka mama akamwita Yesu, akasema eksirei inaonyesha mifupa tu, cha kuangaliwa hapa ni nyama, twende utrasaundi. Nilifurahi. Nilimwangalia mama kwa maana ya kwamba unaona?

Dirishani kwa utrasaundi alikaa dada mmoja ambaye hakuinua macho. Alituambia mgonjwa anywe maji lita moja na nusu na asiende chooni mpaka aitwe. Nikamwambia tumekuja kupima mguu. Akasema utrasaundi wote wanakunywa maji. Nikamuuliza, hayo maji yakishanywewa yanafika unyayoni? Akaonyesha kwa kalamu karatasi iliyobandikwa ukutani, na kweli ilikuwa imeandikwa hivyo, kwa herufi kubwa. Nilitaka kuendelea, lakini mama alishanyoosha mkono kuchukua chupa. Mama akiambiwa jambo na mtu aliyevaa sare, hata mlinzi wa benki, anatii.

Tukakaa kwenye benchi saa mbili nzima katikati ya wajawazito. Mama amebana miguu, jasho linamtoka, haongei. Mwanamke mmoja wa makamo aliuliza kwa upole huyu bibi amemsindikiza nani. Mama akasema amekuja mwenyewe. Yule mwanamke akamtazama kuanzia kilemba mpaka kandambili, akasema hongera, Mungu hashindwi. Nilitaka ardhi inimeze. Mama alikuwa na miaka sabini na ushei na alijibu, asante mwanangu, kwa sababu aliogopa akicheka maji yatatoka.

Aliyekuwa anapima ni binti wa Mugumu, amevaa hijabu, mpole wa mikono. Aliposikia habari ya maji alifunga macho kidogo, akamwambia mama chumba kile pale, kimbia. Mama aliporudi alikuwa mtu mwingine. Akasisitiza niende nikamwambie yule dada wa dirishani kwamba alitii mpaka mwisho.

Binti akatuambia kazi yake kubwa ni mimba na matumbo, lakini miguu ameshaipima kadhaa. Akaweka pembeni kile kifaa cha matumbo, akachukua kingine, kipana na kimenyooka kama kitana, akasema hiki ndicho cha vitu vilivyo karibu na ngozi. Akampaka mama jeli ya baridi chini ya unyayo. Mama akaruka. Kwenye kioo ikatokea picha ya kijivujivu kama ardhi iliyopigwa na mvua ya mawe, na binti akatuelekeza taratibu: hii mistari myeupe iliyopinda ni vichwa vya mifupa, hiki ni cha kidole cha tatu, hiki cha nne. Akateleza na kifaa mpaka katikati ya vile vichwa viwili, akasimama.

Palikuwa na doa jeusi. Duara upande mmoja, limechongoka upande mwingine. Naapa, na mimi sio mtu wa mambo hayo, lilikuwa na umbo la punje ya hindi.

Mama akajiinua kwa viwiko. "Ndiyo hiyo," akasema.

Kichwani nikamwona baba mdogo siku ya Jumamosi, nikamwona yule mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini binti hakushtuka. Akasema kitu kigeni kikiwa ndani ya nyama, mwiba au punje, mara nyingi hung'aa kwa weupe na kurusha kivuli chini yake. Hiki ni cheusi na hakina kivuli. Halafu akaweka kidole gumba juu ya mguu, kati ya vidole vile viwili, akabonyeza huku kifaa kimekaa chini. Lile doa likabonyea, likasambaa, likawa ukanda mwembamba. Akaachia. Likarudi. Akarudia mara tatu, polepole, akimtazama mama usoni badala ya kioo.

"Punje haibonyei, bibi," alisema. "Haya ni maji."

Akaeleza kwamba kati ya vile vichwa vya mifupa kuna kifuko kidogo laini, kila mtu anacho, kazi yake ni kuzuia vitu visisuguane. Kikibanwa sana na kusuguliwa kila mara kinakasirika, kinavimba, kinajaa maji, na hapo mtu anahisi kabisa kwamba anatembea juu ya changarawe. Akabonyeza kitufe, vikatokea vidoa vyekundu kuzunguka lile jeusi, akasema hiyo ni damu inayokimbilia mahali penye uvimbe. Nilikuwa nataka kumkumbatia. Kila alichosema nilikitafsiri kichwani kuwa hotuba yangu ya Jumamosi.

Kisha akafuta jeli, akaushika mguu wa mama kwa mikono yote miwili, akaugeuzageuza. Alisema baba yake ni fundi viatu Mugumu, yeye amekua katikati ya miguu ya watu. Akapitisha kidole kwenye ubavu wa kidole cha mwisho, palipokuwa peusi na pagumu. Akauliza mama anavaa viatu gani. Mama akasema kandambili, hizi hapa. Akauliza, na Jumapili?

"Jumapili navaa viatu alivyoninunulia huyu mwanangu," mama akasema. "Viatu vizuri sana."

Alisema kwa sauti ya mtu anayefunga mlango na kuweka komeo. Binti akaniangalia. Aliniangalia vizuri, kwa muda, kama ninavyomwangalia mwanafunzi ambaye jibu liko mbele yake ubaoni. Na mimi mwalimu, miaka ishirini na mbili kazini, nikamuuliza kama anaweza kunichapia ile picha kwenye karatasi.

Akachapa. Daktari akampa mama dawa za kupunguza uvimbe, akasema avae kiatu kipana chenye sponji, na kile kifuko kisipotulia watampiga sindano palepale. Tulipotoka nje nilikuwa natembea kwa madaha. Nikamwambia mama umesikia, ni maji. Mama akasema amesikia vizuri. Tukatembea hatua kama kumi, yeye kwa kisigino, halafu akauliza:

"Yamewekwa na nani?"

Nilimpandisha gari, nikarudi shule nikawapigia watoto makelele ambayo hayakuwa yao.

Jumamosi nilifika Susuni na bahasha mkononi kama mkaguzi wa elimu. Viti vilikuwa vimepangwa uani. Baba mdogo kwenye kiti cha mikono, mkewe pembeni yake, mama kwenye kigoda mguu kaunyoosha. Wifi alikaa chini kwenye mkeka, mbali kidogo, uso kauinamisha. Watoto walikuwa wamepelekwa kwa jirani. Nikatoa picha, nikahutubia. Nilieleza vichwa vya mifupa, nikaeleza kifuko, maji, uvimbe, punje kutobonyea. Nilieleza vizuri mno, hata mimi nilijipenda.

Baba mdogo akavaa miwani, akaiinua ile karatasi kwenye jua. Akauliza hiki cheusi ni nini. Nikasema ni yale maji. Akauliza mbona maji yana umbo la hindi. Nikasema ni umbo la kifuko, na kwamba kule hospitalini tulipobonyeza lilibonyea. Akaishusha karatasi juu ya goti, akaweka kidole gumba juu ya lile doa, akabonyeza. Akakitoa kidole, akatazama.

"Mbona halibonyei?" akauliza.

Mungu anisamehe yaliyopita moyoni mwangu. Nikamwambia baba, hiyo ni picha, hata ng'ombe wa kwenye picha hakamuliki. Akasema anajua. Nikatoa maelezo ya daktari, nikayasoma, lakini yalikuwa kwa Kiingereza, nikawa nayatafsiri mstari kwa mstari, na mke wa baba mdogo akauliza watajuaje kama nimetafsiri yote. Nikamtazama. Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa jibu la kunifukuzisha kazi.

Baba mdogo akavua miwani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi; alikuwa ametulia kama mtu aliyeshinda kihalali. Alisema mimi mwenyewe nilisema mashine haifichwi kitu, na wao walikubali kwa neno langu. Mashine imeangalia. Kitu kipo. Kinaitwa maji, sawa, wasomi wataje wanavyotaka, lakini mama alisema ana kitu mguuni na kitu kipo mguuni, na kiatuni ilikutwa punje. "Kikulacho ki nguoni mwako," akamalizia, akamgeukia wifi. Aende pale kwenye kaburi la mumewe, nyuma ya migomba, aape kwa sauti kwamba hakuweka punje yoyote kwenye kiatu cha mkwewe. Akiapa, yameisha.

Nikashusha pumzi. Kuapa tu! Aape basi, nilifikiri, aseme maneno matano tukanywe chai.

Wifi akainuka kwenye mkeka. Alisimama akitazama ardhi, mikono kaishika mbele. Akasema kwa sauti ndogo, ardhi ndiyo iliyoambiwa, sio sisi:

"Sitaapa."

Mke wa baba mdogo akapiga kofi mapajani. Mama akafunika mdomo. Hilo ndilo "sitaki" ambalo sikuwahi kulisikia kwake, na amelitoa siku ambayo litamnyang'anya watoto. Baba mdogo alishaanza kusema basi, mmesikia wenyewe. Sijui nilitoa wapi ujasiri wa kumkata mzee kauli. Nilisema mkamwana ana neno na bado halijapita kwa binti wa nyumba, nipewe nafasi yangu. Hilo ni haki, hawezi kulikataa. Nikamshika wifi mkono, nikampeleka nyuma ya ghala.

Pale nikamuuliza kwa hasira, kwa sababu sina njia nyingine ya kuuliza. Kwa nini hutaki kuapa?

Akasema, "Kwa sababu mahindi niliweka."

Halafu akaeleza, na alipoanza hakusimama. Tangu Krismasi, tangu nilipomletea mama vile viatu, kila Jumapili mama alikuwa akirudi kanisani anakaa kitandani, anavua kiatu, anashika vidole, machozi yanamtoka. Alimwambia wifi asithubutu kumwambia mwalimu. Basi wifi akafanya wanavyofanya kwao, ambako kiatu cha shule kinarithiwa na watoto wanne: jioni unajaza mahindi makavu, unayamwagia maji, usiku yanavimba na kukipanua kiatu, asubuhi unayamwaga na kukausha kiatu kabla mwenyewe hajaamka. Alifanya hivyo Jumapili saba. Alikuwa akizihesabu punje zikiingia na kuzihesabu zikitoka, ndiyo midomo iliyokuwa ikicheza, ili isibaki hata moja ikamuumiza mama. Siku moja ilipungua moja. Aliitafuta, akadhani kuku kaila. Na alipoanza kusikia yanayosemwa akashindwa aanzie wapi. Akisema mahindi, amekiri. Akisema viatu vinabana, amevunja neno la mama na kunitukana mimi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi walau kwa simu. Aliinua macho, mara ya kwanza siku ile.

"Nilikuwa nakusubiri uniulize, mwalimu."

Niliingia ndani nikavitoa vile viatu chini ya kitanda cha mama, vyeusi, vinang'aa, vimechongoka mbele, na kisigino kifupi. Nilivinunua kwenye mtumba, Sirari, nikitoka kwenye mazishi upande wa pili wa mpaka. Sikuwa na kipimo cha mama. Watu wote husema nina miguu ya mama, kwa hiyo nilivua changu, nikavijaribu mwenyewe pale kwenye turubai, vikanikaa vizuri, nikaridhika. Mguu wangu umekaa darasani miaka ishirini na mbili. Wa mama umelima Susuni tangu akiwa msichana, bila kiatu, na umetanuka kama unavyopaswa kutanuka.

Nikarudi uani. Sikuhutubia tena. Nilipiga magoti mbele ya mama, nikaweka kiatu chini, nikauinua mguu wake taratibu, nikauweka juu ya kiatu. Sio ndani, juu, kama kupima. Nyama ilizidi upande huu na upande huu, vidole viwili vizima viko hewani. Baba mdogo akainama kutazama. Hakuhitaji miwani.

Nikapitisha neno la mkamwana kama lilivyo, mahindi na kuhesabu na punje iliyopungua. Kisha nikasema langu. "Mtegaji mnayemtafuta ni mimi," nilisema. "Mtego ni huu hapa, na niliununua mwenyewe."

Nikamuuliza mama kama viatu vilikuwa vinambana.

"Tangu siku ya kwanza," akasema.

Nikamuuliza, na hapo sauti ilinipanda, mbona hukusema? Umekaa siku zote hizi unamtazama mkweo anaitwa mchawi, na unajua kiatu kinabana? Alisema hakujua habari ya mahindi. Alipoiona ile punje alishukuru, ndivyo alivyosema, alishukuru, maana alikuwa amepata kitu kingine cha kulaumu. Akautazama mguu wake pale juu ya kiatu.

"Mwalimu, kila ukija Jumapili," akasema, "kitu cha kwanza unachotazama ni miguu yangu."

Baba mdogo akakohoa. Akasema basi, jambo limeeleweka, yameisha, tule. Hivyo tu. Hakuna samahani, hakuna pole, kikao kimefungwa, tumbo linadai. Na wifi, jamani, wifi akageuka kwenda jikoni kuwapikia! Nilimshika bega nikamkalisha, si mkekani, kwenye kiti changu, nikamwambia akiinuka nitapiga kelele mpaka wasikie Sirari. Nikaingia jikoni mwenyewe. Nilisonga ugali nikiwa na hasira, ukawa na madonge. Nyama na mboga wifi alikuwa ameshaviandaa asubuhi, siku ya kuhukumiwa kwake.

Nilipotoka na sinia, mama alikuwa ameshainuka. Ameshika birika mkono mmoja na beseni mkono mwingine, taulo begani, anachechemea kwa kisigino. Kwetu kazi hiyo ni ya mkamwana, na maji huanza kwa mkubwa. Baba mdogo alishakunja mikono ya shati na kuinyoosha mbele. Mama akampita. Akampita na mke wa baba mdogo. Akafika kwenye kile kiti, akainama kwa shida, akaweka beseni chini.

Wifi akaficha mikono kwenye khanga. Akasema, "Mama, hapana."

"Nawa, mwanangu," mama akasema. "Nimesimama na mguu unauma."

Wifi akatoa mikono. Mama akamimina maji taratibu mpaka birika likaisha, baba mdogo bado mikono yake iko hewani, mikavu, na hakuna aliyekwenda kujaza jingine.